Bawabu Mpya wa Simu ya Mama Mhuri

Sajenti alifika saa moja na dakika ishirini asubuhi. Alibisha hodi, akasikia nyayo zikija hadi mlangoni, kisha akasikia nyayo zilezile zikirudi zilikotoka.

"Nani?" sauti ya mama mtu mzima ilihoji kutoka ndani.

"Polisi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Tunafungua saa moja na nusu."

Sajenti aliangalia bahasha ya kaki iliyokuwa mkononi mwake, akaangalia saa yake, akaketi kwenye ngazi. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi alikuwa amesubirishwa na wezi, na mawakili, na mkuu wake wa kituo. Kusubirishwa na mlalamikaji, tena nyumbani kwake mwenyewe, ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Alilichukulia kuwa deko la uzee, akalisahau. Lilikuwa kosa lake la kwanza siku hiyo.

Ndani, saa ya ukutani iligonga. Mlango ukafunguka papo hapo.

"Karibu. Taja jina na shida yako."

"Mama, jana si ulinikabidhi simu hii kwa mkono wako?"

"Jana ilikuwa Jumapili," alisema Mama Mhuri. "Sikumbuki mambo ya Jumapili."

Miaka thelathini na miwili alikuwa mkuu wa masjala, ile ofisi ya majalada ambamo kila barua ya serikali hupita, hupewa namba na kugongwa mhuri. Alipostaafu aliondoka na vitu vitatu: saa ya ukutani, kalamu nyekundu, na jina la utani. Mhuri wenyewe aliurudisha, akaenda kuchonga mwingine wa mpira wenye jina lake. Sasa ulikuwa juu ya kabati la vyombo, umefunikwa kwa kitambaa kama mgonjwa aliyelala.

Kesi yenyewe Sajenti aliijua kwa moyo. Jumamosi saa tano asubuhi, kundi la ukoo kwenye simu, lenye watu arobaini na watatu, lilipokea sauti ya dakika kumi na moja. Ilikuwa sauti ya Mama Mhuri akizungumza na mdogo wake kwa simu, akidhani wako wawili. Ndani ya dakika nne tu alikuwa amefagia nusu ya ukoo. Shemeji yake, mwimbaji wa kwaya, alisemwa kuwa akipandisha sauti ni kama lango la bati linaloburutwa. Binamu fulani wakija kusalimia hukaa mpaka viti vinachoka. Mumewe hukoroma kwa lafudhi. Na mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, hupika chai iliyofanana na maji ya kusuuzia vikombe.

Mama Mhuri aliapa kwamba hakutuma kitu. Simu ilikuwa mezani, na sauti ilikwenda yenyewe. Binti yake alikimbilia kituoni Jumapili asubuhi, akaandikisha udukuzi, akamtaja mkosaji kabla ya kuketi: mke wa kaka yake, yule mpika chai, mwalimu wa kompyuta.

"Sajenti, hii si kesi ya kuumiza kichwa," alianza yule binti, ambaye nyumba nzima ilimwita Wifi, mara tu polisi alipoketi. Alikuwa mwanamke wa kuongea huku akipanga mito ya kochi. "Simu ya Mama ina namba ya siri. Tunaoijua ni nani? Mama na huyo Mwalimu. Mimi mtoto wa kumzaa siijui!"

"Kwa nini huijui?"

"Niliomba. Mama akasema niandike barua."

"Uliandika?"

"Bado inashughulikiwa," alijibu Mama Mhuri kutoka upande wa pili.

Mzee wa nyumba, aliyekuwa nyuma ya gazeti, alicheka puani, akageuza ukurasa.

Mwalimu alikuwa jikoni, amesimama. Begi lake lilikuwa koridoni, limefungwa zipu na kamba juu yake. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia akamaliza, akaanza kukasirika.

"Ni kweli unaijua namba ya siri?" aliuliza Sajenti.

"Mimi ndiye niliyemwekea, Afande. Alitaka tarehe aliyoajiriwa."

"Ijumaa, siku moja kabla sauti haijatumwa, ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Shule zimefungwa."

"Uliishika simu?"

"Asubuhi. Nilimwekea kengele ya dawa. Najua inavyosikika. Mume wangu yuko safarini na lori, tangu jana amepiga mara sita, na kila mara anauliza swali lilelile kwa njia nyingine. Saa kumi alasiri wanakaa kikao. Nikitoka hapa kwa jina hili, Afande, hata nikirudi sitarudi. Nani atamwachia mtoto wake mwalimu anayesikiliza simu za mama mkwe?"

"Nani kasema utatoka?"

Mwalimu alielekeza kidevu sebuleni. Juu ya meza, chini ya kalamu nyekundu, palikuwa na karatasi moja iliyochapwa vizuri, yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: KUONDOKA KWA MKWE. Ilikuwa imekamilika, ina tarehe, ina namba ya kumbukumbu. Ilikosa kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kimelala juu ya kabati.

Sajenti alirudi kwa Mama Mhuri. "Mama, hebu subiri kwanza kuigonga."

"Kikao ni saa kumi. Sigongi kitu kabla ya kikao." Mama Mhuri alivua miwani, akaifuta. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua nguvu. "Na wewe nakuomba uniambie kama si yeye. Lakini uniambie kwa ushahidi."

*

Mkuu wa kituo alimweka Sajenti kwenye dawati la makosa ya mtandao kwa sababu moja: aliwahi kuikamata kompyuta iliyoibwa. Aliikamata ikiwa chini ya kitanda, na angeikamata hivyohivyo kama ingekuwa baiskeli. Kuhusu simu, alijua kupiga, kupokea na kubipu. Lakini alijua pia kufungua kitu na kutazama ndani.

Ndiyo maana, alipofika kibandani kwa Fundi Pini, mtengeneza simu wa mtaa ule, alikuwa tayari amekwisha kubandua mfuniko wa nyuma wa simu.

Kibanda kilikuwa na upana wa kitanda kimoja. Ukutani kulining'inia vioo vya simu vilivyopasuka, mezani taa ya kupinda, hewa ya kuchomelea, na Fundi mwenyewe, pini ya kutolea laini ikiwa imechomekwa kwenye kofia kama unyoya.

"Simu hii unaijua?" Sajenti aliitoa kwenye bahasha.

"Ya Mama Mhuri? Naijua, lakini sijaigusa mwezi mzima, Afande."

"Mwezi mzima?"

"Mzima."

Sajenti aliigeuza. Juu ya betri kulikuwa na kijikaratasi cheupe cha kunata, kidogo kama kucha, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. "Soma."

Fundi alisoma moyoni.

"Kwa sauti."

"'Jumatano. F.P.'"

"F.P. ni nani? Fulani Pale?"

"Afande, mimi ni baba wa familia."

"Basi familia yako itafurahi ukiongea haraka."

Fundi Pini aliongea. Simu ile ilikuwa ya zamani, imejaa programu za kampuni zisizofutika, na Mama Mhuri hakutaka kuiacha. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita aliiruti.

"Uliifanyaje?"

"Niliiruti. Afande, simu ni kama nyumba ya kupanga. Unakaa, unapika, lakini chumba cha stoo mwenye nyumba kakifunga. Kuruti ni kuupata ufunguo wa stoo. Ukishaupata, kila programu inataka kuingia humo. Ndiyo unaweka programu nyingine ya kusimamia ruhusa. Hiyo ndiyo inakaa mlangoni na ufunguo. Programu yoyote ikitaka kuingia, inazuiwa kwanza, na wewe mwenye simu unaulizwa: niruhusu, nikatae?"

"Bawabu."

"Bawabu! Tena huyu wa sasa jina lake ndilo hilo, Bawabu. Wa zamani aliitwa Komeo."

Sajenti aliinua kalamu kutoka kwenye daftari lake la mistari ya miraba. "Kuna wa zamani na wa sasa?"

Fundi aliona ameshaingia mwenyewe. Alivua kofia, akaishika kifuani. Ni kwamba Komeo lilikuwa limeuzwa kwa watu wasiojulikana, likaacha kuboreshwa, na mafundi wote wakawa wanalikimbia. Jumatano Mama Mhuri alileta simu akilalamika kwamba ni nzito, naye akaona ni heri ambadilishie mlinzi kabisa. Hakumwambia, kwa sababu kumwambia Mama Mhuri jambo ni kujaza fomu.

"Mnabadilishaje?"

Hapo Fundi alipata nguvu, maana ilikuwa fani yake. Huwezi kumleta mlinzi mpya wa zamani akiwa bado mlangoni, alieleza. Watagombania ufunguo, na simu itaganda kwenye nembo ya kampuni mpaka uzeeke. Kwanza unaingia kwenye mipangilio ya Komeo lenyewe, unaliambia liondoke kwa ajili ya kubadilishwa, nalo linajing'oa na kuacha mlango wazi. Unazima simu, unawasha. Ndipo unamsimika Bawabu, unazima tena, unawasha tena, unamjaribu. Yote hayo aliyafanya kwa utaratibu, saa kumi alasiri, na simu ikawa nyepesi kama mpya.

"Na orodha?"

"Orodha gani, Afande?"

"Hata pale kituoni mlinzi akibadilishwa, wa zamani anamwachia mwenzake daftari: huyu apite, huyu asipite. Komeo lilimwachia Bawabu daftari?"

Fundi Pini alirudisha kofia kichwani taratibu. "Haliachi. Likiondoka linaondoka na daftari lake. Bawabu anaanza na ukurasa mweupe. Kila programu inakuja kuomba upya."

"Na hii iliyorekodi sauti, iko humo?"

Walitazama pamoja. Ilikuwamo, inaitwa Kinasa. Mama Mhuri aliiweka mwenyewe miezi miwili nyuma ili arekodi ahadi za ofisi ya pensheni. Fundi alipoiona wakati ule aliishtukia, maana ilikuwa programu ya kutaka makuu: kusikiliza kila sauti, na kutuma nakala yenyewe kwenye kundi lenye mazungumzo mengi. Akaenda kwenye Komeo na kuifungia: kataa daima, bila kuuliza.

"Kwa hiyo miezi miwili Komeo lilikuwa linaikatalia kimyakimya," alisema Sajenti polepole. "Jumatano ukaliondoa. Kinasa ikaja kwa Bawabu kama mgeni mwenye adabu, haina rekodi mbaya, ikaomba."

"Na mimi nilisahau kuifungia tena." Fundi alijikuna shingo. "Hilo ni langu, Afande. Nalikubali."

"Aliyeifungulia ni nani?"

"Bawabu ana rejesta yake." Aligusa kioo. Mistari ikashuka: jina la programu, siku, saa, jibu. Akatelezesha kidole. "Hii hapa. Kinasa. Imeruhusiwa. Ijumaa, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi."

Sajenti aliandika, kisha akabaki ameishikilia kalamu juu ya karatasi. Ijumaa asubuhi. Mwalimu alikuwa nyumbani. Aliishika simu. Aliijua namba ya siri. Alikuwa amekuja kumtafutia ngao ya kujitetea, na rejesta imempa msumari.

"Ndiyo yeye, basi?" Fundi aliuliza.

"Kaa kimya. Nionyeshe zote, siyo hiyo tu."

"Ziko nyingi."

"Mimi nalipwa kwa mwezi."

Alisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mstari baada ya mstari kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Alhamisi saa tatu, imeruhusiwa. Saa tano kasorobo, imeruhusiwa. Kalenda, Kibodi, Hali ya Hewa, zote zimepita. Kisha akakuta Tochi. Alhamisi saa saba na robo: imekataliwa. Ijumaa saa saba na dakika kumi, Tochi tena: imekataliwa. Ijumaa saa nane kasoro dakika tano, maskini Tochi kwa mara ya tatu: imekataliwa.

"Tochi inataka ruhusa kamili ya nini?"

"Hata mimi sijui, Afande. Tochi za siku hizi zina makuu."

"Na hizi za Ijumaa saa kumi, na Jumamosi nzima? Zimeandikwa 'Haikujibiwa'."

"Bawabu anasubiri nusu dakika. Asipojibiwa, anakataa mwenyewe."

Sajenti alirudi juu, akashuka tena. Safari hii hakusoma majina ya programu. Alisoma saa peke yake. Kilichoruhusiwa chote kilikuwa kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Saa saba hadi saa nane hakuna kilichopita, hata kimoja. Baada ya saa tisa na nusu hakuna aliyejibu. Jumamosi na Jumapili, kimya.

Alikumbuka baridi ya ngazi aliyokalia asubuhi.

"Fundi," alisema, "mdukuzi gani huyu anayekwenda kula mchana?"

Fundi alimkodolea macho.

"Futa ruhusa zote. Acha mlango kama ulivyouacha Jumatano. Halafu funga kibanda, tunakwenda kwenye kikao. Kinasa inaamka wakati gani?"

"Simu ikiita. Hata ukibipu."

"Una salio?"

"Kubipu hakuhitaji salio kubwa, Afande."

"Basi leo utabipu kwa niaba ya serikali." Akamnyoshea kidole. "Na ukiwa njiani, tafuta maneno ya kumwomba radhi yule Mwalimu."

*

Kuuwahisha mkutano wa ukoo ni kazi kuliko kuusogeza ukuta. Wifi alipopigiwa kwamba kikao hakitakuwa saa kumi bali saa nane kamili, aliuliza mara tatu kwa nini, na mara tatu alijibiwa, "Kwa sababu za kiuchunguzi." Hata hivyo, saa nane kasoro dakika tano, wote walikuwa sebuleni: Mzee na gazeti lake, Wifi na mito yake, shemeji mwimbaji wa kwaya aliyekuwa amekuja na uchungu wake wote, na Mwalimu kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mguu wake umegusa begi. Fundi Pini alijibanza pembeni ya kabati, simu yake chini ya kofia.

Sajenti aliweka simu mezani, mbele ya Mama Mhuri, karibu na ile barua.

"Tuanze?" aliuliza shemeji, akakohoa kusafisha koo.

"Hatujafungua," alisema Mama Mhuri bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake.

Sajenti alimtazama Fundi. Kofia ikatikisika. Simu iliyokuwa mezani ililia mara moja, ikakatika, na kioo kikaandika: *Kinasa inaomba ruhusa kamili. Kataa. Ruhusu.*

Mama Mhuri aliitupia jicho, akanyosha kidole chenye mafuta, akagusa upande wa kushoto. Kataa.

"Watu wanakula," aliiambia simu. Akaendelea kutafuna.

Hakuna aliyeelewa kitu isipokuwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa anajizuia kucheka ndani ya kofia.

Saa ya ukutani ikagonga mara mbili, maana ilikuwa saa ya kizungu. Mama Mhuri alifuta mikono, akasogeza sahani, akavaa miwani. Uso wake ukabadilika kama dirisha la ofisi linalofunguliwa.

"Haya. Kikao kimefunguliwa. Ajenda ni moja. Shemeji, kabla hujaanza kulalamika, lile koo lako hata ukilisafisha linabaki lango lilelile, kwa hiyo sema taratibu. Mzee, weka gazeti chini, umeoa huku na siyo huko. Wewe binti yangu, mito hiyo imekukosea nini?"

Simu ililia mara moja, ikakatika. *Kinasa inaomba ruhusa kamili ili kusikiliza sauti na kutuma nakala.*

Mama Mhuri aliishika simu kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikagusa upande wa kulia, Ruhusu, na ngumi yake ya kulia, peke yake, bila kuagizwa na mtu, ikashuka juu ya meza: pwa! Kalamu nyekundu iliruka.

"Nilikuwa nasema nini? Ndiyo: Shemeji, lile koo lako hata ukilisafisha linabaki lango lilelile."

"Mama," alisema Sajenti kwa upole, "umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Kwenye simu."

"Nimepitisha ombi. Limekuja saa za kazi, lina jina, lina sababu. Tena lina adabu, linasema litatuma nakala. Nyie vijana hamjui nakala, ndiyo maana ofisi zimewashinda. Miaka thelathini na miwili mimi sijawahi kumzungusha mtu mwenye ombi lililokamilika!"

"Na yale ya mchana?"

"Mchana nakula!"

Wifi aliuangusha mto. "Mama... hizo huwa zinakuja mara ngapi?"

"Tangu Alhamisi zimekuwa nyingi. Nikasema afadhali, nimepata kazi." Mama Mhuri alianza kuwatazama mmoja mmoja. "Mbona mnanikodolea macho?"

Alijibiwa na mfuko wa shati la shemeji, uliolia *ting*. Kisha mkoba wa Wifi, *ting*. Kisha simu ya Mzee chini ya gazeti, kisha ya Mwalimu, na mahali pengine palipokuwa mbali na pale, simu nyingine thelathini na nane. Shemeji alibonyeza kabla ya kufikiri, na sebule ikajaa sauti ya Mama Mhuri, safi kama ya redio: *"...lile koo lako hata ukilisafisha linabaki lango lilelile..."*

Mzee ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka gazeti likachanika. Shemeji alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia, akacheka naye kwa sauti ya lango la bati, jambo lililozidi kuwamaliza wengine.

Sajenti alingoja watulie. Kisha alieleza kwa maneno machache: Komeo lililoondolewa Jumatano, Bawabu aliyekuja na ukurasa mweupe, na rejesta isiyopitisha kitu wakati wa chakula. "Mwalimu alikuwa nyumbani Ijumaa, ni kweli. Lakini mtu mwenye nia mbaya hachagui saa za kazi. Hakuna aliyedukua simu hii. Fundi alisahau, na Mama alipitisha."

"Dada, nisamehe," alisema Fundi Pini kwa Mwalimu, na mara hiyohiyo akaichukua simu, akaingia kwa Bawabu, akaifungia Kinasa: kataa daima, bila kuuliza.

"Lakini ana sababu!" Wifi hakukata tamaa. "Alitukanwa kuhusu chai! Jumamosi alisikia!"

"Wewe uliisikiliza sauti ya Jumamosi mpaka mwisho?" aliuliza Sajenti.

"Dakika kumi na moja? Nilifika ya nne nikapandwa na presha."

"Nani aliifikisha mwisho?" Sajenti aliwazungukia kwa macho. Mzee alitazama dari. Shemeji alitazama viatu. Mwalimu alitikisa kichwa. Alipofika kwenye chai, alizima.

"Mimi niliisikiliza yote," alisema Sajenti. "Ndiyo kazi."

Uso wa Mama Mhuri ulikuwa umewaka. Alijua alichokisema dakika ya kumi, na alijua kwamba polisi anajua. Aliivuta ile barua iliyokuwa mezani. Wifi alidhani ataichana, akanyosha mkono kumsaidia.

"Acha! Barua haichanwi." Mama Mhuri aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, IMEFUTWA, akaiweka pembeni. Akachukua karatasi nyingine. Sebule nzima ilimngoja aandike. Hata Fundi Pini alivua kofia. Aliandika mistari michache, akafuta mmoja, akaandika tena. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kabatini, akauondoa mhuri kwenye kitambaa chake na kuugonga mara moja, bila kishindo.

Alimpelekea Mwalimu mpaka kwenye kiti cha plastiki. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa barua kutoka kwa mkubwa, akaisoma.

*Kwa Mwalimu wa nyumba hii. YAH: KUOMBA RADHI. Nilikutuhumu bila ushahidi. Begi lirudishwe chumbani leo. Kuhusu chai, msimamo wangu haujabadilika. Kuhusu mengine yote, rejea sauti ya Jumamosi, dakika ya kumi. Nakala: ukoo mzima.*

Mwalimu alitoa simu yake, akaiweka sikioni, akaisogeza sauti mbele. Wengine hawakusikia kitu. Waliona tu mabega yake yakishuka, mkono ukifunika mdomo, na mguu wake ukilisukuma begi taratibu, mbali na mlango.

"Nijibu lini, Mama?" aliuliza alipomaliza.

Mama Mhuri aliangalia saa ya ukutani. "Una mpaka saa tisa na nusu."